Mama Tusekile na Mizabibu ya Mzee Efraimu

Mara ya kwanza nilipomwona Mama Tusekile akionja waini, niliinuka nimpige mgongo. Nilidhani mama wa watu kapaliwa. Alikuwa ameichota kwa kijiko, akaifyonza kwa sauti ambayo kwetu mtoto akiitoa mezani anachapwa, akaizungusha kinywani huku amefumba macho, kisha akaitema kwenye kopo lililokuwa miguuni pake. Alipofumbua macho alinikuta nimesimama nyuma yake, mkono juu.

"Wewe nawe unataka nini?" akaniuliza.

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndivyo nilivyoingia kwenye kijiwe chake, na mpaka leo Rabson akitaka kunichokoza huinua mkono tu, basi.

Mimi naitwa Barnaba Simbeye, wakala wa forodha hapa Tunduma. Kazi yangu ni kukimbia na makaratasi kutoka dirisha hili hadi lile huku dereva aliyekaa foleni siku tatu akiutukana ukoo wangu. Mji wetu hauna subira. Watu wote wako njiani kwenda mahali pengine, na hata anayeishi hapa miaka thelathini husema amekuja kutafuta tu. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba kuna watu wazima wanaokaa saa tatu nzima na chupa moja ya waini wala hawalewi, ningemshauri akapime malaria. Gwalugano, mwenye duka la dawa jirani na ofisi yetu, aliponialika, nilikwenda kwa kufuata ulevi wa bure. Msema kweli mpenzi wa Mungu.

Ulevi sikuupata. Nilimpata Mama Tusekile.

Jina lake hasa ni Ruti Nzunda. Alizaliwa kwenye vilima vya Mbozi, katika nyumba ya kahawa na mahindi, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwonjaji kwenye kiwanda kimoja cha kahawa huko. Kazi yake ilikuwa kufyonza kijiko kimoja kimoja cha kahawa na kusema hii ni ya daraja lipi, ina kasoro gani. Alipostaafu alihamia Tunduma kwa binti yake Tusekile, akafungua duka la vitenge. Waini aliijua akiwa na miaka sitini na tatu. Rabson, mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alimletea chupa moja Krismasi kama asante ya mteja. Mama hakujua namna nyingine ya kuonja kitu, akachukua kijiko.

"Hii," akamwambia Rabson, "inanukia mkoba mpya wa ngozi, na chini yake kuna zambarau iliyolala na mvua."

Rabson alidhani bibi kapatwa na kitu kichwani. Akaonja, akaonja tena. Jumapili iliyofuata alivuka mpaka na chupa nyingine.

Basi kijiwe kikaanza hivyo, kwenye baraza nyuma ya duka, Jumapili baada ya ibada. Tulikuwa watano: yeye, Rabson, Gwalugano, mimi, na Mzee Efraimu Sichone, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Kila Jumapili mmoja wetu ana zamu ya kuleta chupa, na chupa inavaa. Mama aliishonea mfuko wa kitenge unaoifunika mpaka shingoni, kwa sababu kule kiwandani sampuli za kahawa zilikuwa namba tu na mwonjaji hakuambiwa ni ya shamba la nani. "Ukimjua mwenye kahawa," husema, "ulimi unaanza kusalimia." Mama anaonja wa kwanza na kusema. Kisha sisi tunasema. Mleta chupa haruhusiwi kufungua mdomo mpaka kitambaa kivuliwe, hata atukanwe vipi, na hapo ndipo ilipokuwa raha yenyewe. Kama chupa ni mbovu tunamtania mpaka anatoka jasho: umeuziwa, umepigwa, dukani walikuona ukija. Tuliyemsema hasa alikuwa mtengenezaji, na mtengenezaji yuko Dodoma au Afrika Kusini, hatusikii.

Msije mkadhani ni kikao cha watu wanaojiona. Nawachukia watu wa namna hiyo. Nimewaona mjini wakishika glasi kwa vidole viwili kama wameokota panya. Sisi tulianza na glasi za chai. Tulikula karanga na mkate mkavu wa kusafishia kinywa. Mama alitufundisha kusema harufu kwa vitu tulivyowahi kunusa kweli: majani ya viazi, moshi wa kuni mbichi, sare ya shule siku ya kwanza. Gwalugano alipofiwa na mama yake kule Itumba, tulikwenda wote, tukalala matanga. Rabson alibeba unga kutoka Zambia na kupanda nao vilima vya Ileje huku akihema. Nilipolazwa na homa ya matumbo, mke wangu hakupika siku tisa, chakula kilitoka kwao. Siku hizi najua watu mia tano Tunduma, na wanne tu ndio wanaojua jina la marehemu baba yangu.

Sasa niseme tulivyomwumiza mmoja wao.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Juni, zamu ya Mzee Efraimu. Alikuja na shati jeupe la kupigwa pasi, akakaa wima, mikono juu ya magoti. Mimi nilidhani anatoka kwenye kipaimara cha mtu. Mama akafyonza kijiko, akafumba macho, akatema. Akarudia. Uso ukakunjamana.

"Hii ilikuwa na haki ya kuwa nzuri," akasema. "Kuna mtu kaiua. Ina siki, na chini ya siki kuna kitu kimeoza. Maji ya chombo cha maua kanisani, yaliyosahauliwa wiki mbili."

Aa, hapo akawa ametufungulia mlango. Mimi nilikuwa wa kwanza, na nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nikasema aliyemuuzia mzee chupa hii huoshea nayo magurudumu ya lori. Gwalugano akasema ana dawa ya minyoo dukani, tusihofu. Rabson akamwambia Mama, kwa maneno ya heshima ya kwao, "Bamayo, hii hata mbuzi wa Nakonde akipewa anakimbilia Tanzania mukwai!" Tulicheka mpaka Tusekile akatoka ndani kuuliza kulikoni. Mama naye alicheka, na akicheka hutikisika mabega. Mzee Efraimu alitabasamu, macho chini, mikono palepale magotini. Hakusema neno. Sheria ilikuwa hairuhusu.

Mama akavuta kitambaa. Chupa haikuwa na nembo. Ilikuwa na kipande cha plasta ya kidonda, na juu yake maandishi ya kalamu ya risasi: Efraimu na Rozi. Ya kwanza.

Mzee Efraimu alisimama, akachukua kofia yake.

"Miaka sita," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja umri wa mtoto. Akatoka.

Sote tulijua ana shamba bondeni, mbele ya Chitete. Alituambia analima ufuta. Kumbe kwa miaka ishirini alikuwa akipita na lori kandokando ya mashamba ya mizabibu kule Afrika Kusini, anayaangalia kwa kioo bila kuruhusiwa kusimama, na alipostaafu akaenda Dodoma kuchukua vipando na kuvipanda bondeni kwake Momba, mahali ambapo jirani zake walimwona amechanganyikiwa. Alituficha ili atushangaze, akijaribu kidogo kila mwaka bila kuitia chupani. Alimaliza miaka sita akiingoja Jumapili ile, nasi tukampa mbuzi wa Nakonde.

Nilipiga simu siku nne, hakupokea. Gwalugano alipata wazo: Mama amwambie mzee kwamba siku ile alikuwa na mafua, ulimi haukuwa sawa, ameionja tena na ni nzuri. Niliona ni wazo la maana. Uongo mdogo wa kumponya mtu, nani hajautumia?

"Mafua sikuwa nayo," Mama akajibu. "Na hapa haifunguliwi chupa tena mpaka nimwone. Barnaba mwanangu, gari lako lina mafuta?"

Barabara ya kushuka bondeni haina urafiki na gari dogo. Mama alikuwa na miaka sabini na moja wakati huo, na kila shimo alilisindikiza kwa "Yesu wangu", lakini sikumsikia akisema turudi. Tulifika saa nne asubuhi. Rozi, mke wa Efraimu, alitukuta uani. Alitupa viti, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini yeye hakukaa.

"Mmekuja kumalizia kucheka?" akauliza. "Maana mume wangu halali. Alhamisi anakuja mtu kuliangalia shamba. Wameshaelewana. Anataka kung'oa miti apande mpunga."

Nilitamani ardhi inimeze na shati langu. Mama alimpa Rozi mkono wa salamu wa watu wa rika moja, akaushikilia. "Wifi, una haki ya kusema hivyo," akamwambia. "Nipeleke kwake."

Tulimkuta kwenye mistari ya mizabibu, anakusanya waya kama mtu anayevunja nyumba. Miti yenyewe ilikuwa mizima, imefika kiunoni, majani mapana. Hata mimi nisiyejua kilimo niliona kwamba imetunzwa kama watoto wa mwisho. Aliposikia sauti ya Mama hakugeuka haraka.

"Usihangaike, mama," akasema. "Sikukasirika. Ulimi wako naujua, haukosei. Ndiyo maana nauza. Ingekuwa wengine wamesema, ningebisha."

"Kaka Efraimu, nimekuja kukuomba radhi kwa kicheko," Mama akasema. "Kicheko kilikuwa kosa, nami nimecheka. Nilichokionja sikiombei radhi. Sasa nionyeshe mapipa."

"Mapipa ya nini tena?"

"Nionyeshe mapipa."

Yalikuwa mapipa matatu ya plastiki, ya buluu, ndani ya kibanda nyuma ya nyumba. Yaling'aa. Rozi alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusingiziwa, kwamba yalioshwa kwa maji ya moto, na mtu yeyote angeweza kuona hivyo. Mama aliingiza kichwa chote ndani ya kila pipa akanusa. Kisha akapiga magoti mbele ya la tatu, mbele ya koki ile ya chini inayotolea waini, akaomba spana. Efraimu akaifungua. Mama akachomoa ujiti kwenye ufagio, akauingiza kwenye tundu la koki, akauvuta polepole.

Ulitoka na ute mweusi. Harufu ilipotufikia, sote wanne tuliijua. Ndiyo ile ya maji ya maua.

"Kila mwaka ulipojaribu ulibakiza kidogo humu," Mama akasema. "Mabaki ya mwaka jana ndiyo yanayopokea ya mwaka huu. Zabibu zako hazina kosa. Ardhi yako haina kosa."

Mzee Efraimu aliitazama ile koki mkononi mwake. Alikaa chini, palepale kwenye udongo. Mama naye akakaa, magoti yakilia, na akatuambia jambo ambalo kwa miaka yote ya Jumapili zile hatukuwahi kulisikia.

Baba yake, Mzee Yonathani Nzunda, alikuwa na miti mia nne ya kahawa pale Mbozi. Mwaka mmoja Ruti akiwa na miaka kumi na minne, walipeleka kahawa yao, karani akainusa, akasema chafu, akaitupa daraja la mwisho na kumwita aliyefuata kwenye foleni. Hakueleza ni kwa nini. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Baba alichukua shoka akakata miti yote, akapanda mahindi. Alikufa akiamini kwamba Mungu alimpa ardhi mbaya. Ruti alipoajiriwa kiwandani, mwaka wake wa pili, alifyonza kijiko kimoja cha sampuli isiyo na jina. Ilikuwa harufu ya kahawa ya baba yake. Alikuwa ameigeuza kwenye vichanja vya kuanikia kwa mikono yake, hawezi kuisahau. Akamuuliza mkubwa wake wa kazi, kasoro hii huletwa na nini? Mkubwa akajibu bila hata kuinua kichwa: punje za jana zimebaki kwenye pembe za tangi la kuvundikia. Waambie waoshe tangi.

"Na kuosha tangi," Mama akasema, "ilikuwa kazi yangu."

Rozi alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Alikuja akakaa karibu naye, akamfuta vumbi begani, wala hapakuwa na vumbi.

"Yule karani hakusema uongo," Mama akaendelea. "Kahawa ilikuwa chafu kweli. Lakini alisema akageuka. Mimi nikishasema kitu cha mtu ni kibaya, kaka yangu, sigeuki. Naja kuangalia tangi. Kule kiwandani, namba zikishafunuliwa, nilizunguka kwa miguu vijiji vyote nilivyovipa daraja la mwisho. Walinichukia mwanzoni. Sasa mwambie huyo mtu wa Alhamisi asubiri."

Efraimu alimwangalia mkewe. Mimi pia nilimwangalia, maana ilikuwa wazi uamuzi uko wapi.

"Mavuno ya mwaka mmoja tu," Rozi akasema. "Yasipofaa, mimi mwenyewe ndiye nitakayempigia simu huyo mtu."

Zabibu zilipoiva mwaka uliofuata, Mama alifunga duka la vitenge kwa mwezi mzima akashuka bondeni. Tusekile alilalamika, wateja walilalamika. Aliulizwa kanisani kama ni kweli ameacha kwaya akatengeneze pombe, akajibu kwamba ameenda kuosha vyombo. Nilikwenda kumsalimia mara mbili, na mara zote mbili nilipewa brashi. Nilimkuta ametumbukiza koki kwenye sufuria la maji yanayochemka, Rozi akichochea moto, wawili hao wakigombana kwa Kinamwanga na Kinyiha kuhusu kama pipa limeoshwa mara tatu au nne. Alikuwa na mikono iliyokunjamana kwa maji na mgongo uliokataa kunyooka. Nilisimama pale na brashi yangu nikamwona, na nasema bila aibu, nikampenda mama yule kama mtu wa damu yangu. Wengi tuna ulimi wa kusema kibaya. Yeye alikuwa na miguu ya kufuata alichokisema.

Mwezi wa Agosti ikawa zamu ya Mzee Efraimu kuleta waini yake tena. Alikuja na shati la kawaida. Rozi hakuja, alisema hawezi kuangalia, na yule mtu wa mpunga alikuwa ameshapiga simu mara mbili wiki hiyo. Chupa ilivaa kitenge chake. Hakuna aliyekuwa na hamu ya karanga. Rabson, ambaye hunyamaza usingizini tu, alikuwa ameinamisha kichwa kama yuko kwenye sala ya Meza ya Bwana.

Mama alifyonza kijiko. Akatema. Akafyonza cha pili, akakaa nacho kinywani mpaka nikasahau kuvuta pumzi.

"Changa," akasema. "Mwishoni inakwaruza. Ingengoja mwaka mwingine ingetulia." Akaonja mara ya tatu. "Lakini ni safi. Ina komamanga, ina vumbi la mvua ya kwanza. Hakuna kilichooza humu. Ni safi kabisa."

Tulimgeukia Mzee Efraimu. Kitambaa kilikuwa hakijavuliwa, na yeye ni mtu wa sheria, kwa hiyo alikaa kimya vilevile, midomo imebana, machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu. Gwalugano alikivuta kitambaa kwa niaba yetu sote. Mzee alisimama na simu yake, akaenda hadi kwenye ukuta wa uani, lakini ni mtu aliyezoea kuzungumza juu ya mlio wa injini, kwa hiyo tulimsikia wote.

"Rozi. Mpigie yule mtu, mwambie shamba haliuzwi." Akasikiliza. "Hapana, hajasema ni tamu sana. Amesema ni safi." Akasikiliza tena, akajifuta uso kwa kofia. "Ndiyo. Ni yeye mwenyewe aliyesema."